Orodha ya Kwenda Marsi

Jumanne, 11 Juni 2013

Nimekataliwa. Leo, saa nne asubuhi, mbele ya sahani ya mihogo ambayo nilikuwa sijaigusa.

Nilivaa suti ya kijivu niliyojishonea mwenyewe, nikaenda kwa Mzee Grégoire, nikasema nimekuja kumposa binti yake Mariette. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alitafuna mhogo wake mpaka ukaisha, kisha akaniuliza dosye yangu imefika wapi.

Dosye yangu! Ni miaka tisa tangu nikimbie vita Uvira, Kongo, na saba tangu nifanyiwe interviu ya kwanza ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi, mtu haulizwi umri, anaulizwa dosye. Huyu yuko kwenye vipimo vya daktari, yule ameshapewa tarehe ya ndege. Mimi nimeambiwa nisubiri, na ninasubiri vizuri sana, lakini hakuna anayenisifu kwa hilo.

Mzee akatoa hukumu. Naiandika hapa ili niichukie kwa utulivu:

"Mimi sina binti wa kumupa mutu haendi fasi yoyote. Ulete prosesi. Ukileta, Mariette ni wako, munamuongeza ku dosye yako, munaenda."

Mariette alikuwa nje anapepeta maharage. Aliniangalia nikipita. Sikujua ni huruma au ni makapi yamemwingia jichoni. Getini nikapishana na Joël, mcheza voleboli, ameshika jogoo mkononi. Joël anasema dosye yake iko Kanada. Anayesema hivyo ni yeye tu.

Jumatano, 12 Juni

Nimepata njia! Mungu hamtupi fundi cherehani.

Nilikuwa nashona mfuko wa suruali, redio inalalamika pembeni. Mara mtangazaji akasema huko Ulaya kuna wazungu wanaotafuta watu wa kwenda kuishi kwenye sayari ya Mirihi, ile inayoitwa Marsi. Watajengewa nyumba. Watapewa chakula. Na anayekwenda harudi kwao tena maisha yake yote. Mtangazaji alisema hilo la mwisho kwa sauti ya kutisha. Mimi nikasimamisha cherehani. Nyumba, chakula, usirudi ulikotoka: hiyo si ndiyo ile ile tunayoiombea kila Jumapili? Na foleni yake bado haina watu!

Wenzangu wanasubiri nchi ya tatu. Mimi ninakwenda sayari ya nne.

Kuna ishara nyingine. Karanga nilizonunua kwa Mama Mukandoli zilikuwa zimefungwa kwenye ukurasa wa kitabu cha sayansi, na juu yake jedwali. Mtu anayeruka sentimita hamsini hapa duniani, akiruka vile vile mwezini atafika mita tatu. Marsi, mita moja na thelathini. Jupita, sentimita ishirini tu. Wanasema sababu ni mvutano: kila ulimwengu unawavuta watu wake chini kwa nguvu yake. Chini ya jedwali wameandika kwamba Jupita haina hata ardhi ya kukanyaga. Kambi mbaya hiyo.

Nikajipima. Nilipaka vidole chaki ya kitambaa, nikagusa ukuta, nikaruka, nikagusa tena, nikaweka tepu kati ya alama mbili. Sentimita kumi na tisa. Nikavua viatu. Kumi na tisa. Nikavua mkanda. Kumi na tisa.

Kwa jedwali lile mimi siko duniani, niko Jupita. Miaka tisa, na hakuna ofisi iliyonijulisha!

Nimepiga hesabu. Kule Marsi kumi na tisa yangu itakuwa hamsini. Nitaruka kama mtu wa kawaida. Jambo hilo limenigusa kuliko nilivyotarajia.

Alhamisi, 13 Juni

Nimerudi kwa Mzee Grégoire. Nikamwambia prosesi ya kuhama imepatikana. Akauliza nchi gani. Nikasema ni mbali kuliko Australia. Akauliza kama kuna kanisa. Nikasema kanisa litajengwa. Akauliza kama kuna bugali. Nikasema unga wa mgao upo, ila kwenye mizani ya kuning'iniza kilo kumi zitasoma kama nne, kwa sababu ya mvutano. Mzee akasema kwamba hata hapa kuna miezi ya namna hiyo.

Nilidhani nimeshashinda. Lakini akanyoosha mkono, akasema nimwonyeshe jina langu kwenye orodha.

Kweli. Mtu wa kambi haamini mdomo. Haamini redio wala barua. Anaamini orodha iliyobandikwa ukutani, yenye namba pembeni. Kesho nakwenda Mbarara.

Ijumaa, 14 Juni

Mbarara. Vumbi, pikipiki, kelele. Mtaa wa Kakoba nikamtafuta Kobusingye, dada anayechapa barua kwa kompyuta. Nikamwamuru achape: ORODHA YA WANAOKWENDA MARSI. Namba moja: Anselme, fundi. Basi.

Kobusingye hakuuliza Marsi ni wapi. Yeye amechapa vyeti vya mambo mengi. Ila alisema karatasi yenye jina moja siyo orodha, ni barua, na akanishauri aongeze mistari mitupu mpaka arobaini ili ipendeze. Nikakubali. Naandika hapa wazi: wazo lile la mistari halikuwa langu.

Nilikuwa pia na suruali za Sajini Nasani, askari wa kambi ya jeshi, mteja wangu wa zamani. Nikampelekea nyumbani kwake, na kwa kuwa jeshini wanafundisha kuruka, nikamwomba anifundishe. Mtu anayekwenda Marsi hawezi kufika na kumi na tisa. Nasani alinirukisha uani kwake saa nzima. Tukapima ukutani. Kumi na nane!

Sajini alinizunguka, akanitazama miguu. "Fundi," akasema, "nani iko nashika wewe huku chini?"

Mkewe Babra, mwalimu wa sayansi katika shule moja kule Kamukuzi, akatoka jikoni kunieleza. Alisema nguvu ya miguu yangu itabaki hii hii popote niendapo. Dunia inavuta sana, Marsi inavuta kidogo, mwezi kidogo zaidi. Kwa hiyo msukumo ule ule utanifikisha juu zaidi, lakini misuli haitaongezeka hata chembe. Mvivu wa hapa atakuwa mvivu wa huko. Kisha akasema jambo la kusikitisha kwa mtu aliyesoma: kwamba hakuna mtu atakayechukuliwa Nakivale kupelekwa Marsi, na kama ninampenda huyo msichana, niongee naye.

Nilimshukuru. Ni mama mwema, ila hajawahi kuwa na dosye.

Jumamosi, 15 Juni

Nilibandika orodha mlangoni saa kumi na mbili asubuhi, aione Mzee akipita kwenda shambani. Nikaingia ndani kunywa chai. Nilipotoka kulikuwa na mawe kumi na moja, majerikeni tisa na kiatu kimoja, vimepangwa mstari mpaka kwa jirani. Foleni! Kila jiwe ni mtu aliyekwenda kumwita mwingine.

Nikawaambia hii orodha si yao. Wakasema wanajua, kila orodha huanza hivyo. Nikasema imejaa. Wakanionyesha mistari mitupu thelathini na tisa. Kobusingye!

Basi nikakaa kwenye meza ya cherehani nikaandika. Ningefanya nini? Mama Mukandoli aliuliza kama mbuzi wanaandikwa kwenye dosye ya mama au wana dosye yao. Mwingine aliuliza kama Marsi wanakubali vyeti vya ubatizo. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama ni kweli.

Namba kumi na mbili: Joël. Nilitaka kumwambia wino umekwisha, lakini kalamu ilikuwa inaandika. Alipoona alama zangu za chaki ukutani akauliza ni za nini, nikamweleza. Akaruka. Bila kupiga mbio, bila kuvua kitu. Sentimita sitini na nne. Wanawake wakapiga vigelegele. Mariette alikuwa kisimani, ng'ambo ya njia. Sijui kama aliona. Nadhani aliona.

Nimepiga hesabu kwa uchungu. Kule Marsi Joël ataruka mita moja na sabini. Ataweza kunipita juu ya kichwa changu, nimesimama.

Jumapili, 16 Juni

Mchungaji Mutabazi ametangaza orodha yangu kanisani, kati ya tangazo la chanjo ya watoto na tangazo la koroboi iliyopotea. Alisema waliobahatika wakumbuke zaka huko waendako. Kwaya ikaimba wimbo wa safari.

Mzee Grégoire alinipa mkono mbele ya watu. Mkono wa mkwe! Lakini hapo hapo akampa na Joël, kwa sababu Joël naye sasa ana prosesi. Nimemwandikisha mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri.

Sikula mchana. Nilikaa na jedwali la karanga, nikalitazama mpaka likanipa jibu. Jedwali linasema nani anaruka juu. Halisemi ni nani anayetakiwa! Interviu ni ya kwangu. Masharti ni ya kwangu.

Jumatatu, 17 Juni

Siku kubwa. Niandike polepole.

Asubuhi nilitangaza interviu ya kuruka. Sharti: anayezidi sentimita thelathini hapa duniani hafai. Nikaeleza kisayansi. Marsi inavuta kidogo. Mtu mwepesi akistuka usiku atapasua hema la jirani kwa kichwa. Wanatakiwa watu watulivu, waliozoea ardhi. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Ilisikika kama sheria ya kweli, na mimi mwenyewe nikaanza kuiamini.

Nilipima watu thelathini na saba kwa tepu. Joël, sitini na nne: hafai. Nikamkata kwa rula, mstari mmoja mwekundu. Alisema anaweza kuruka kidogo akitaka. Nikamwambia kubadilisha maelezo kwenye interviu ndiko kunakoua dosye za watu. Wote waliokuwepo wakakubali kwa masikitiko, maana kila mmoja ana ndugu aliyekatwa hivyo. Mimi, kumi na tisa: nafaa. Nilikuwa tayari nimeshachagua shati la harusi.

Kisha foleni ikafunguka, na Mzee Grégoire akaja na fimbo yake. Sikumwandikisha mimi. Alijiandika mwenyewe jana mchana, nikiwa ndani na jedwali la karanga. Nikamsihi asiruke, kwa ajili ya goti. Akasema yeye si mtu wa kuonewa huruma na serikali yoyote. Akampa mkewe Goretti fimbo, akapaka chaki, akafumba macho, akaruka.

Sentimita tatu. Nikapima tena. Tatu.

Watu wakanigeukia. Kwa sharti langu hakuna mtulivu kuliko yeye katika Nakivale nzima. Nikaandika: namba moja, Grégoire, pamoja na mke na watoto wote walio chini yake. Walimbeba begani. Mimi nimeshuka namba nane, baada ya bibi mmoja kipofu na watu wengine watano wenye magoti mabovu.

Lakini si vibaya! Baba mkwe mwenye furaha ni baba mkwe mwepesi. Kesho navaa suti.

Jumanne, 18 Juni

Suti ya kijivu tena. Mzee alinikaribisha kwenye kiti chenye mgongo. Goretti alileta chai ya maziwa. Ameshagawa jembe lake kwa jirani, na kuku wanne. Anasema Marsi hawalimi.

Nikasema: Mzee, sharti lako nimelitimiza, nina prosesi, nimekuja kumchukua Mariette. Akanishika goti kwa upendo kabisa, akanieleza kama mtu anavyomweleza mtoto.

"Sasa prosesi iko kwangu, na Mariette iko ku dosye yangu. Mukitoa binti mumoja, dosye yote inarudi nyuma, banaanza kuuliza: huyu ameenda wapi, huyu mwanaume ni nani. Hapana. Mariette haolewi na mutu yeyote mpaka tufike Marsi."

Hakuna wa kumlaumu. Kila nyumba hapa ina binti ambaye harusi yake inasubiri ndege. Najua kanuni hiyo kuliko mtu yeyote, na sikuikumbuka hata mara moja.

Ila Joël naye hatampata. Nimejaribu kufurahia hilo. Nilifurahi mpaka kwenye kona ya njia, basi.

Jumatano, 19 Juni

Nimekiri! Kila kitu. Nilisimama uani kwa Mzee nikasema: orodha ni ya uongo, nimeichapisha mwenyewe Kakoba, hakuna ndege, hakuna interviu, hakuna anayekwenda popote.

Mzee Grégoire alinitazama kwa huzuni. Akasema anaelewa, kuteremka mpaka namba nane kunauma. Akasema miaka yote hii ameona kwamba mtu akishushwa kwenye orodha, siku ya pili anasema orodha ni ya uongo. Akanishauri nikate rufaa.

Kwa nani? Rufaa zinaletwa kwangu. Leo nimepokea tano.

Mtu mmoja tu ameniamini, Joël, kwa sababu nilimkata.

Alhamisi, 20 Juni

Mariette amekuja dukani. Peke yake, mchana, na sketi mkononi, eti zipu. Zipu ilikuwa nzima.

Hakukaa. Alisimama mbele ya ukuta wenye chaki akatafuta alama yangu, ile ya chini. Akaiangalia muda mrefu. Mimi nilikuwa nashona kitambaa kwa sindano isiyo na uzi.

"Weye umeuliza baba," akasema. "Umeuliza redio, umeuliza na uyu ukuta. Miye haukuniuliza."

Nikamuuliza angejibu nini.

"Ningeitika tangu Pasaka. Bila prosesi."

Tangu Pasaka! Hakuwa anacheka. Alisema jembe limeshagawiwa, na baba yake amekataa kwenda kuvuna mtama. Mama yake amepakia sufuria kwenye gunia, na sasa wanapika kwa kopo. Kosa ni langu. Akasema baba atamsikia yeye, ila si kabla mimi sijaiua orodha hadharani. Jumapili nisimame kanisani, niseme orodha ni ya uongo, niketi. Yeye atamaliza mengine, na mwezi wa nane tutafunga ndoa, nikiwa na dosye au bila dosye.

"Useme ilo moja tu," akasema. "Usiongeze kitu."

Nikaapa. Alipoondoka nililia kidogo. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Mimi ni mtu mwenye bahati kubwa na akili ndogo, na kuanzia leo nitakuwa mtu wa kawaida, hapa hapa duniani.

Ijumaa, 21 Juni

Nimefanya mazoezi ya kusema. "Orodha ni ya uongo." Maneno manne. Rahisi.

Jumamosi, 22 Juni

Maneno yale manne ni makavu mno. Mtu hawezi kusimama mbele ya kanisa zima na maneno manne. Ila sitaongeza kitu. Niliapa.

Jumapili, 23 Juni

Imekwisha, na imekwisha vizuri kuliko alivyopanga Mariette.

Mchungaji Mutabazi alinipa nafasi baada ya sadaka. Nikasimama. Mbele kabisa alikaa Mzee Grégoire, amevaa koti zito la manyoya, kwa sababu amesikia Marsi kuna baridi. Yule bibi kipofu ameshikwa mkono na wajukuu. Mama Mukandoli na watoto sita, wameoshwa mpaka wanang'aa. Wote wakinitazama. Nikatazama upande wa kina mama: Mariette, kitambaa cha bluu, ananitikisia kichwa polepole kunipa moyo.

Nikasema: orodha ya Marsi... Nikasema: orodha ya Marsi imefungwa.

Si uongo! Nimeifunga mimi. Lakini kanisa liliguna, mguno wa watu mia mbili, na Mzee Grégoire akainamisha uso ndani ya manyoya. Nani angevumilia? Nikaongeza kitu kidogo tu. Nikasema wasikate tamaa, kwa sababu imefunguliwa orodha ya Mwezi. Ni karibu zaidi, mtu anaonekana kutoka nyumbani, na huko hata Mzee mwenye sentimita tatu ataruka kumi na nane. Sharti la Mwezi ni moja: namba moja kwenye dosye lazima awe na binti aliyeolewa. Aliyeolewa karibuni. Na fundi.

Shangwe! Watu walisimama. Mzee Grégoire alivua koti, akaja kunikumbatia, akaniita mkwe mara mbili kwenye kipaza sauti. Wiki mbili za mateso, na nimelimaliza jambo kwa sentensi moja.

Mariette tu ndiye hakungoja baraka za mwisho. Alichukua Biblia yake akatoka, na mtu aliyemwona anasema alipita nyumbani, akabeba begi, akashika njia ya Ngarama kwa shangazi yake, bila kusimama wala kuitikia salamu. Bila shaka ni kwa ajili ya vitenge vya harusi. Kule Ngarama vipo vizuri zaidi.